Nani Anashika Saa? Historia ya Dakika za Wanawake Ulingoni

Riyadh na Garissa zinafuata saa zile zile. Shabiki wa mieleka wa kaskazini mashariki mwa Kenya anaijua faida yake: maonyesho ya Marekani humtaka akeshe hadi alfajiri, lakini ya Saudia humkuta ameshasali isha na chai iko mbele yake. Ndivyo ilivyokuwa tarehe 31 Oktoba 2019, Natalya na Lacey Evans walipopanda ulingoni katika uwanja wa King Fahd. Walikuwa wanawake wa kwanza kupigana mieleka ya kulipwa mbele ya watazamaji nchini Saudi Arabia. Walifunikwa kwa suti nyeusi kutoka shingoni hadi vifundoni, na fulana pana juu yake. Natalya alimkunja mwenzake miguu hadi akajisalimisha, kisha wakakumbatiana huku machozi yakiwatoka. Mkanda haukugombewa. Pambano lilichukua kama dakika 7.

Dakika 7 ni nyingi au ni chache? Swali hili halina maana katika mieleka ya vijana wa malishoni, ile ambayo Wasomali huiita legdan. Huko hakuna saa; anayegusa mchanga ndiye aliyeshindwa, hata kama ni kwa mkupuo mmoja. Mieleka ya kulipwa ni jambo jingine. Mwisho wake hupangwa kabla, na mwisho ukipangwa muda nao umepangwa. Dakika zake ni kama posho: kuna mtu anazigawa, na kila anayepewa chache ana haki ya kuuliza kwa nini. Kwa karibu miaka 90 wanawake wa kazi hii wamekuwa wakiuliza. Jibu walilopewa mara nyingi ni kwamba mashabiki hawataki zaidi. Historia yenyewe inaonyesha kwamba mashabiki walitaka kile walichozoeshwa, na walipozoeshwa kingine walitaka kingine.

1937 hadi 1954: Mildred Burke

Mildred Burke wa Kansas alianzia katika maonyesho ya kusafiri, yale ya mahema na bembea. Mumewe, Billy Wolfe, aliahidi dola 25 kwa mwanamume yeyote wa uzito unaokaribiana na wake ambaye angeweza kumbana mabega chini ndani ya dakika 10. Hapo saa ilikuwa silaha ya mwanamke. Alichotakiwa ni kuvumilia dakika hizo, na karibu wote waliojaribu walirudi nyumbani bila hela.

Mwaka 1937 alitwaa ubingwa wa wanawake, na kwa miaka karibu 20 akawa jina kubwa katika kumbi za Marekani. Mapambano ya ubingwa yalikuwa ya mikupuo mitatu, mshindi wa miwili ndiye bingwa, kama ya wanaume. Mtu aliyelipa kiingilio kumwona Burke hakutarajia kurudi nyumbani baada ya dakika mbili.

Ndoa ilipovunjika, biashara nayo ilivunjika, na Wolfe akamtafuta bingwa mwingine. Tarehe 20 Agosti 1954, mjini Atlanta, Burke alikutana na June Byers katika pambano ambalo, kinyume cha desturi, halikupangwa mwisho. Byers alichukua mkupuo wa kwanza. Wa pili ulikwenda na kwenda, wamekamatana, hakuna anayeanguka, mpaka wasimamizi wakaingilia na kulisimamisha baada ya kama saa nzima. Burke alijiona bado ni bingwa kwa kuwa alipoteza mkupuo mmoja tu. Upande wa Wolfe ukamtangaza Byers. Somo ambalo wakuu wa biashara walilichukua lilikuwa baya: wanawake wakiachwa wapigane kwa kweli, wanachosha na wanaleta kesi.

1954 hadi 1995: Japani

Burke alibeba mkanda wake akaondoka. Novemba 1954 yeye na wenzake walizuru Japani, na mbegu ile ikaota katika udongo ambao hakuna aliyeutarajia. Mwaka 1968 ndugu wa ukoo wa Matsunaga walianzisha kampuni ya wanawake watupu, All Japan Women. Mkanda wa Burke, uliojulikana kwa herufi WWWA, ukawa ndio mkanda wao mkuu.

Ukitaka kujua matarajio ya mashabiki yanatengenezwaje, tazama waliokaa kwenye viti vile. Katika miaka ya 1970, wawili walioitwa Beauty Pair, Jackie Sato na Maki Ueda, walipigana na kuimba papo hapo ulingoni, na kumbi zikajaa wasichana wa shule. Muongo uliofuata ukawa wa Crush Gals, Chigusa Nagayo na Lioness Asuka. Tarehe 28 Agosti 1985, mjini Osaka, Nagayo alipoteza pambano ambalo aliyeshindwa hunyolewa nywele, na mshindi wake, Dump Matsumoto, alichukiwa siku hiyo na umati wa wasichana waliokuwa wakilia kwa sauti. Hawa hawakuwa wanaume waliokuja kukodolea macho miguu ya watu. Walikuja kuwaona dada zao wakubwa wakiteseka na kuinuka, na hadithi ya kuteseka na kuinuka haitoshi katika dakika tatu. Kwa hiyo pambano la dakika 20 au 30 likawa jambo la kawaida.

Tarehe 20 Novemba 1994, Tokyo Dome ilifanya onyesho la wanawake lililodumu karibu saa kumi, mapambano 23, na waandaaji wakatangaza watazamaji 42,500. Mei 1995, Manami Toyota na Kyoko Inoue walipigana dakika 60 kamili bila mshindi. Kampuni hiyo haikuwa pepo, hata hivyo. Ilikuwa na desturi ya kuwastaafisha wapiganaji wake wafikapo miaka 26, yaani saa waliyonyimwa ulingoni kwingineko, hapa walinyimwa katika umri.

1956 hadi 1987: Moolah na mkanda wa nyumbani

Marekani ilichukua njia nyingine. Septemba 1956, Lillian Ellison, aliyejiita The Fabulous Moolah, alishinda ubingwa mjini Baltimore, na kwa miaka karibu 30 mkanda huo ukawa kama mali yake. Aliwafundisha wasichana, akawakodisha kwa waandaaji na kukata sehemu ya malipo yao. Kwa kuwa wengi wa wapinzani walitoka katika uwanja wake wa mazoezi, mtindo ulikuwa wake pia: kuvutana nywele, kubingirika, kuangushana, basi. Jimbo la New York halikuruhusu mieleka ya wanawake hadi mwaka 1972, na marufuku ilipoondolewa Moolah alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuingia Madison Square Garden.

Tarehe 23 Julai 1984, humo humo, Wendi Richter alimwangusha huku mwimbaji Cyndi Lauper akimshangilia na televisheni ya muziki ya MTV ikirusha moja kwa moja. Pambano halikuzidi sana dakika 10, lakini lilikuwa ndilo watu walilokuja kuliona. Kwa mwaka mmoja Richter alikuwa mmoja wa nyota wakubwa wa kampuni ya WWF. Novemba 1985 alikabiliana na mtu aliyejifunika uso, Spider Lady. Alipobanwa chini akainua bega mapema, lakini refa akaendelea kuhesabu hadi tatu. Chini ya kifuniko alikuwa Moolah. Richter, aliyekuwa na mvutano na wakuu kuhusu malipo, aliondoka ukumbini na hakurudi kazini.

Mwaka 1987 WWF iliwaleta wasichana wawili wa Kijapani, Noriyo Tateno na Itsuki Yamazaki, walioitwa Jumping Bomb Angels. Katika Survivor Series ya Novemba wanawake walipewa kama dakika 20. Umati ulioanza ukiwa umetulia uliishia ukiwa umesimama. Hii ndiyo sehemu inayoudhi katika historia hii yote: ushahidi ulikuwapo, mbele ya kamera, na bado mwaka 1990 mkanda wa wanawake ukawekwa kabatini.

1993 hadi 2014: zamu ya kwenda msalani

Mkanda ulirudishwa Desemba 1993 kwa ajili ya Alundra Blayze, ambaye kabla ya hapo alipigana Japani na alijua pambano refu ni nini. Mapambano yake na Bull Nakano bado yanasifiwa. Bajeti ilipokatwa akaachwa, na Desemba 1995 akajitokeza katika kampuni pinzani na kuutupa mkanda wa WWF kwenye pipa la taka, televisheni ikionyesha.

Baada ya hapo ndipo ilipokuja miaka ya kuvuana nguo. Wanawake wengine waliajiriwa kutoka kwenye picha za majarida, wakafundishwa kidogo na kupewa dakika mbili au tatu katikati ya mapambano mawili makubwa ya wanaume. Mashabiki walilipa pengo hilo jina: wakati wa kwenda msalani. Waandaaji nao wakalichukua jina hilo kuwa hoja. Duara likafungwa. Unampa mtu dakika mbili, haonyeshi lolote la maana, watu wanainuka kwenda kununua soda, nawe unasema unaona, watu wanainuka.

Duara hilo lilipasuka mara chache. Tarehe 6 Desemba 2004, Trish Stratus na Lita walifunga kipindi cha Raw, nafasi ya mwisho kabisa, na watu hawakuinuka. Lakini tukio moja halibadilishi ratiba. Mwaka 2008 ulikuja mkanda mpya wenye kipepeo cha waridi. Aprili 2013, katika WrestleMania ya 29, pambano pekee ambalo wanawake walikuwa wamepangiwa, tena wakiwa wamechanganywa na wanaume, liliondolewa kwa sababu muda ulikuwa umekwisha. Muda wa nani, hakuna aliyesema.

Februari 2015: sekunde 30

Ilikuwa Jumatatu usiku Marekani, tarehe 23 Februari, saa za Kenya Jumanne alfajiri. Kenya yenyewe ilikuwa katika giza lake la televisheni: NTV, KTN na Citizen zilikuwa zimezimwa tangu katikati ya mwezi kwa mzozo wa kuhamia matangazo ya dijitali, kwa hiyo mengi ya wiki zile yaliwafikia watu kwa simu.

Ndugu wawili pacha, Nikki na Brie Bella, walipangiwa Paige na Emma katika kipindi cha Raw, chenye urefu wa saa tatu. Pambano liliisha baada ya kama sekunde 30. Kuingia ulingoni kulichukua muda mrefu zaidi ya kupigana. Pengine lingesahauliwa kama mengine, lakini safari hii mashabiki walijaza mitandao kwa kauli moja ya kudai wanawake wapewe nafasi, #GiveDivasAChance, na kauli hiyo ikavuma kwa siku kadhaa. Siku hizo hizo AJ Lee, mwanamieleka aliyekuwa bado mwajiriwa, alimkumbusha Stephanie McMahon, mmoja wa wakuu wa kampuni, hadharani kwamba wanawake wa kampuni yake wanauza bidhaa kwa wingi na bado wanapata sehemu ndogo ya malipo na ya muda wa kuonekana. Vince McMahon, mkuu wa kampuni, akajibu kwamba amesikia na watu waendelee kutazama.

Sifa zote zisipewe mitandao. Katika NXT, tawi la kufundishia wapiganaji wapya, wanawake walikuwa wamekwisha kupewa dakika 15 na zaidi tangu 2014, na watazamaji wa ukumbi ule mdogo walikuwa wamezoea. Waliopiga kelele Februari 2015 wengi walikuwa watu waliokwisha kuonja. Agosti mwaka huo, Sasha Banks na Bayley walipigana Brooklyn kwa kama dakika 18, na Oktoba wakapewa dakika 30 kamili. Katika pambano hilo la pili Sasha alimpokonya msichana mdogo shabiki wa Bayley utepe wake wa kichwani, mtoto akalia kweli, ukumbi mzima ukamchukia Sasha. Huwezi kufanya hivyo katika sekunde 30. Hata kuuona utepe hutakuwa na nafasi.

2016 hadi 2021: dakika zinapoongezeka

Kisha mambo yakaenda mbio. Aprili 2016 kipepeo kikastaafishwa. Oktoba, Charlotte Flair na Sasha wakafungiwa ndani ya kizimba mjini Boston na kufunga onyesho. Januari 2018 wanawake 30 walishiriki Royal Rumble yao ya kwanza, karibu saa nzima. Tarehe 7 Aprili 2019, Becky Lynch, Charlotte na Ronda Rousey wakawa wanawake wa kwanza kufunga WrestleMania.

Hapo ndipo tatizo lilipogeuka sura. Onyesho lile lilidumu zaidi ya saa saba. Watatu hao walipoingia ilikuwa usiku wa manane New Jersey, saa moja asubuhi Garissa. Umati wa watu zaidi ya 80,000 kwa mujibu wa waandaaji ulikuwa umechoka. Walipewa zaidi ya dakika 20, lakini walipewa dakika ambazo pumzi ya mashabiki ilikuwa imeshatumika kwa wengine. Mwisho wenyewe, mabega ya Ronda yakionekana kuinuka kabla ya hesabu ya tatu, uliwaacha watu wakibishana badala ya kushangilia. Urefu peke yake haukuwa tiba.

Agosti 2021 ikaja kinyume chake. Becky alirudi kutoka likizo ya uzazi, akamshinda Bianca Belair kwa sekunde 26. Mashabiki walikasirika, lakini hasira yao ilikuwa ya namna nyingine. Mwaka 2015 waliuliza kwa nini wanawake wanadharauliwa. Mwaka 2021 waliuliza kwa nini Bianca. Alikuwa na jina, na hadithi yake ilikuwa na deni la kulipwa. Lililipwa Aprili 2022 kwa pambano la karibu dakika 20. Nadhani hapa ndipo usawa ulipoonekana kwa mara ya kwanza: sekunde 26 zilikuwa sehemu ya hadithi, kama zinavyokuwa kwa wanaume.

Riyadh na Jeddah

Aprili 2018 WWE, ile iliyoitwa WWF zamani, ilipoanza mkataba wake na Saudia, wanawake walibaki nyumbani. Oktoba mwaka huo kampuni iliandaa onyesho la wanawake watupu, Evolution, siku tano kabla ya safari nyingine ya Riyadh ambayo wao hawakuruhusiwa, na wengi waliona kwamba lile la kwanza lilikuwa la kufidia la pili. Ndiyo maana dakika 7 za Natalya na Lacey zilipokewa kwa namna mbili. Kwa waliozoea Charlotte na Becky zilikuwa kidogo. Kwa wasichana waliokaa kwenye viti vya King Fahd, katika nchi iliyoanza kuwaruhusu wanawake kuingia viwanja vya michezo mwaka 2018, zilikuwa zaidi ya walizowahi kuona.

Zilifuata nyingine, na si zote za kujivunia. Oktoba 2021 fainali ya mashindano ya kumpata malkia ilifanyika Riyadh, na ikaisha kwa kama dakika 6; hatua za awali zilikuwa fupi zaidi, na mashabiki waliuliza taji gani hilo linalogombewa kwa haraka namna ile. Usiku huo huo, Becky, Bianca na Sasha walipewa karibu dakika 20 katika ulingo ule ule. Mavazi ya kufunika hayakuwa kikwazo. Hilo lilikuwa limekwisha kuthibitishwa Malaysia, ambako Julai 2019 Nor Diana, anayejiita Phoenix, alitwaa mkanda wa kampuni yake akiwa na hijabu, baada ya kuwashinda wanaume wanne.

Kwa msomaji wa Garissa, Wajir au Mandera hili la mavazi ndilo la kwanza kuulizwa, na si swali la kipuuzi. Wapo wasiotaka kumwona mwanamke ulingoni, avae asivae nini. Upande wa Marsabit, wakili Fatuma Abdulkadir Adan, aliyeanzisha shirika la HODI mwaka 2003, alianza na mpira wa wavulana wa jamii zilizokuwa zikiuana. Alipowaingiza wasichana alikutana na upinzani uleule, na sehemu ya jibu ikawa sare za mikono mirefu na vichwa vilivyofunikwa. Wazee wengine walikubali, wengine hawakukubali, mpira ukaendelea.

Upande wa ngumi: raundi ya dakika mbili

Katika ngumi hakuna anayepanga mshindi, lakini saa ina mwenyewe pia. Pambano la ubingwa la wanaume ni raundi 12 za dakika tatu, jumla dakika 36. La wanawake kwa kawaida ni raundi 10 za dakika mbili, jumla 20. Fatuma Zarika wa Kenya alitwaa mkanda wa baraza la ngumi la WBC Oktoba 2016 mjini Flint, Michigan, kwa kumshinda Alicia Ashley kwa pointi, majaji wakigawanyika. Aliutetea Nairobi mara mbili dhidi ya Catherine Phiri wa Zambia, mwaka 2017 na 2019, na katikati akautetea Mexico dhidi ya Yamileth Mercado, majaji wakigawanyika tena. Muda ukiwa mfupi hivyo, bondia anayeanza kumchosha mwenzake husikia kengele, na mengi huishia kwenye karatasi za majaji. Kisha mashabiki hulalamika kwamba wanawake hawaangushani.

Ngumi za ridhaa zilibadilika kwanza. Olimpiki ya London mwaka 2012 iliwapa wanawake raundi nne za dakika mbili. Ilipofika Tokyo, walikuwa na tatu za dakika tatu, sawa na wanaume. Huko Tokyo alipigana Ramla Ali, bondia wa kwanza kuiwakilisha Somalia katika Olimpiki. Alizaliwa Mogadishu, kaka yake akauawa na kombora la vita, familia ikakimbia kwa mashua hadi Mombasa, kisha Nairobi, kisha London. Ni mkondo ule ule wa wakimbizi uliozaa kambi za Dadaab katika miaka ya mwanzo ya 1990. Tarehe 20 Agosti 2022 alipanda ulingoni Jeddah katika pambano la kwanza la ngumi za kulipwa la wanawake nchini Saudi Arabia. Alimwangusha Crystal Garcia Nova katika raundi ya kwanza. Hakuna aliyelalamika kwamba lilikuwa fupi, kwa kuwa ufupi ule aliutengeneza mwenyewe kwa ngumi.

Oktoba 2023, mjini Orlando, bondia Amanda Serrano alipigana na Danila Ramos raundi 12 za dakika tatu na kushinda kwa pointi. WBC ilikataa kuidhinisha, ikitaja usalama wa wanawake, naye akaurudisha mkanda wao. Tarehe 11 Julai 2025, Serrano alikutana na Katie Taylor kwa mara ya tatu, katika usiku wa wanawake watupu, ndani ya Madison Square Garden ile ile iliyowafungia wanamieleka wa kike mlango hadi 1972. Taylor alishinda kwa pointi chache. Bondia aliyekwisha kupigana dakika 36 akiwa bado amesimama, safari hii alipewa 20.